Unapokonda na Hujui Sababu: Picha ya Hospitali Inaonyesha Nini?

(Muziki wa kufungua. Muziki unashuka, msemaji anaanza.)

   

Leo tunazungumza juu ya kilo zinazopotea. Mtu hajafunga, hajaanza kazi nzito, hajataka kupunguza mwili. Lakini suruali inampwaya, mkanda unaongezwa tundu, pete inateleza kidoleni. Watu wanaanza kumuuliza njiani, "Ndugu, mbona umeisha hivyo?" Naye hana jibu. Halafu mtu mmoja anamwambia, "Nenda ukapige picha, mashine itaona kila kitu." Je, ni kweli? Picha za hospitali zinaonyesha nini, haziwezi kuonyesha nini, na ufanye nini ili picha ikusaidie? Kaa karibu na redio.

Katika kambi, mtu akikonda majibu yanakuwa tayari kabla hajaenda popote. Wa kwanza atasema ni njaa, msaada umepungua. Wa pili atasema ni mawazo, tangu apate habari za nyumbani. Wa tatu atanong'ona kwamba ni sida. Wa nne atasema amelogwa. Msaada wa chakula kweli umepungua, na mawazo kweli yanakondesha. Ubaya wa majibu hayo ya haraka ni kwamba yanamkalisha mgonjwa nyumbani. Anasubiri chakula kiongezeke, au anasubiri huzuni ipite, huku ugonjwa unaotibika ukiendelea kumla ndani.

Kwa hiyo tuanze na kipimo kisichohitaji umeme wala daktari. Kipimo hicho ni sufuria. Ikiwa wote mnaokula sufuria moja mnakonda pamoja, basi kwanza ulizeni habari ya chakula, na mwende kwenye huduma ya lishe. Lakini ikiwa mnakula sufuria moja, wengine wako vilevile, na mmoja peke yake anapungua, mwili wa huyo mmoja una neno la kusema. Na ikiwa huyo mmoja anakula hata kuliko zamani, na bado anakonda, asisubiri wiki nyingine. Kumbuka pia kwamba njaa na ugonjwa hutembea pamoja. Mwili wenye njaa hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Hivyo hata pale penye upungufu wa chakula, usiseme "ni njaa tu" kwa mtu anayekohoa.

Kipimo cha pili ni mizani. Macho yanadanganya, mizani haisahau. Madaktari wana hesabu moja rahisi: mtu mzima akipoteza asilimia 5 ya uzito wake au zaidi katika miezi 6 hadi 12, bila kukusudia, inafaa atafutiwe sababu. Asilimia 5 ni kiasi gani? Kwa mtu wa kilo 50 ni kilo 2 na nusu. Kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 3. Kwa mtu wa kilo 70 ni kilo 3 na nusu. Nenda kituo cha afya, pima, andika tarehe na kilo kwenye karatasi au katika simu. Rudi baada ya mwezi, pima tena, ikiwezekana kwenye mizani ileile na ukiwa na nguo nyepesi. Kama una kadi ya zamani yenye uzito wako, kadi ya kliniki ya ujauzito kwa mfano, ichukue. Karatasi hiyo ndogo itamsaidia daktari kuliko maneno mengi.

Hesabu hii ni ya watu wazima. Mtoto mdogo anayekonda hasubiri mwezi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, apimwe mkono na uzito.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuchukue mfano. Huyu si mtu fulani unayemjua, ni mfano wa kutuonyesha njia. Tuseme kuna mama mkimbizi anayekaa Gahanga. Gahanga ni sekta ya wilaya ya Kicukiro, ukingoni mwa Kigali. Ukitoka Nyamata unavuka daraja la Nyabarongo, unapanda kilima, na uko Gahanga, kule kwenye uwanja wa kriketi uliofunguliwa mwaka 2017. Mama huyu ana miaka 46, anauza mboga. Mwaka jana alikuwa na kilo 64. Leo mizani inasema 58. Amepoteza kilo 6, karibu asilimia 9 na nusu ya mwili wake. Watoto wake, wanaokula naye, hawajapungua.

Jirani anamwambia, "Mama, usipoteze muda na kituo cha afya. Kopa pesa, nenda mjini, wakupige skana ya mwili mzima. Ugonjwa hauwezi kujificha."

Jirani ana huruma, lakini ushauri wake una shimo. Mashine ya picha ni kama tochi usiku. Tochi inamulika pale unapoielekeza. Ukimulika mlango, huwezi kuona nyoka aliye nyuma ya nyumba. Picha ya kifua haionyeshi tumbo. Picha ya ini haionyeshi sukari iliyozidi katika damu. Hakuna picha inayoonyesha huzuni. Anayempa daktari mwelekeo wa kumulika ni wewe mgonjwa, kwa maelezo yako. Ukikopa pesa ukapiga picha kabla ya kuulizwa na kupimwa, unaweza kurudi nyumbani na deni, na bahasha yenye picha nzuri ya mahali pasipo na ugonjwa.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia chini. Tangu mwaka 2019 wakimbizi wa mijini nchini Rwanda wameanza kuingizwa katika bima ya jamii, ile tunayoiita mitwele. Bima hiyo ina ngazi zake. Unaanza kituo cha afya. Kituo kikiona haja, kinakuandikia karatasi ya rufaa, ile transferi, uende hospitali. Ukiruka ngazi kwa ugonjwa usio wa dharura, gharama zinaweza kubaki kwako. Kwa mama wa Gahanga, ngazi ya kwanza ni kituo cha afya cha palepale Gahanga. Kutoka hapo anaweza kupelekwa hospitali ya Masaka, katika wilaya hiyohiyo ya Kicukiro, na likiwa jambo kubwa zaidi, hospitali za rufaa kama CHUK au hospitali ya kijeshi ya Kanombe. Kwa wewe wa kambini njia ni ileile kwa majina mengine. Kituo cha afya cha kambi kwanza, kisha hospitali, kama Kirehe kwa watu wa Mahama, au Kibuye kwa watu wa Kiziba.

Sasa mama amefika kituoni. Kabla ya mashine yoyote, anaulizwa maswali. Nawe jiandae kuulizwa hivi. Unatamani chakula, au chakula kinakuchukiza? Unameza vizuri, au tonge linakwama? Meno yanauma? Unatapika? Choo kikoje, na kina damu au ni cheusi kama lami? Unakohoa? Umekohoa kwa muda gani? Usiku unatoka jasho hadi shuka linalowa? Una homa za jioni? Una kiu kubwa na unakwenda kukojoa mara nyingi? Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka? Kuna uvimbe popote, shingoni, kwapani, kwenye ziwa? Unatumia dawa gani, pamoja na za mitishamba? Unalala? Kuna jambo linalokulemea moyoni?

Jibu yote, hata lile la aibu. Mwanamke anaweza kuomba azungumze na muuguzi mwanamke. Kama hujui lugha ya daktari, omba mtu wa kutafsiri, na ikiwezekana asiwe mtoto wako. Mtoto hataweza kusema mbele ya daktari maneno ambayo wewe mwenyewe unaona haya kuyasema mbele ya mtoto.

Baada ya maswali vinakuja vipimo vidogo. Damu, mkojo, choo, sukari, VVU. Hapa ndipo sababu nyingi zinapojulikana bila picha yoyote. Kisukari kinajulikana kwa tone la damu. Minyoo na wadudu wa tumbo wanaonekana chooni. VVU inajulikana kwa kipimo cha dakika chache, na majibu ni siri yako. Mtu akianza dawa za VVU mapema anarudisha kilo zake na kuishi miaka mingi. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, inayeyusha mwili hata kama unakula sana, na hilo nalo linajulikana kwa damu. Msonono, yaani huzuni inayokaa na kuondoa hamu ya kula na usingizi, unajulikana kwa mazungumzo. Huo nao ni ugonjwa, una matibabu, na kuutaja si udhaifu.

(Muziki mfupi.)

Picha zinaingia hapa, baada ya maswali na vipimo vidogo. Tuzipitie moja moja.

Ya kwanza ni eksirei, ambayo wengi wetu kutoka Kongo na Burundi tunaiita radio. Ni ya zamani kuliko zote. Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miale yake mwaka 1895, na moja ya picha zake za kwanza ilikuwa mkono wa mke wake, mifupa na pete vikionekana. Eksirei ya kifua huchukua sekunde chache. Unavua shati na mkufu, unasimama mbele ya ubao, unavuta pumzi na kuizuia, basi. Hewa ya mapafu inaonekana nyeusi, mifupa inaonekana nyeupe. Mahali ambapo pafu limeharibika, au maji yamejaa kandokando yake, panaonekana weupe usiotakiwa.

Tuseme mama wa Gahanga amejibu kwamba anakohoa wiki ya tatu sasa, na usiku analowa jasho. Kikohozi, homa, jasho la usiku na kukonda ni dalili nne ambazo wahudumu wa afya huuliza wakitafuta kifua kikuu. Anapigwa eksirei. Picha inaonyesha doa sehemu ya juu ya pafu la kulia. Je, sasa tunajua ana kifua kikuu? Bado. Doa halina jina. Doa linaweza kuwa kifua kikuu, nimonia, kovu la zamani, au saratani. Anayetoa jina ni kipimo cha makohozi. Kuna mashine inayoitwa GeneXpert, inayotafuta vijidudu vya kifua kikuu ndani ya makohozi na kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na hata kusema kama vijidudu hivyo vinakataa dawa moja kubwa ya kifua kikuu. Makohozi ya mama yakionyesha vijidudu, anaanza dawa. Kwa kifua kikuu cha kawaida dawa ni za miezi 6, bila malipo, na watu wa nyumbani kwake nao wanachunguzwa. Kilo zinaanza kurudi kabla hata dawa hazijaisha, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Usiziache. Anayeacha katikati anaweza kuugua tena, na mara ya pili vijidudu vinaweza kuwa vigumu kuuawa.

Siku hizi ziko pia mashine ndogo za eksirei zinazobebwa hadi kambini au kijijini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba programu za kompyuta zinaweza kusaidia kusoma picha za kifua za watu wenye miaka 15 na kuendelea, wakati wa kutafuta kifua kikuu. Ukisikia tangazo la uchunguzi wa namna hiyo, nenda hata kama hukohoi sana. Kompyuta inachuja tu. Ikikutaja, utapimwa makohozi kama wengine.

Ya pili ni ekografi, wengine husema altrasaundi. Wanawake wengi wanaijua kwa ajili ya ujauzito. Haina miale. Inatumia sauti ambayo sikio halisikii. Unajua mtu akiita kutoka kilima kimoja, sauti inagonga kilima cha pili na kurudi. Ndivyo inavyofanya kazi. Kifaa kinapeleka sauti mwilini, sauti inarudi, na mwangwi unageuzwa picha. Ekografi inaona vizuri ini, nyongo, figo, bandama, kizazi, maji yaliyojaa tumboni, na tezi zilizovimba. Kwa mtu anayekonda huku tumbo likiuma upande wa kulia chini ya mbavu, au macho yanageuka manjano, hii ndiyo picha ya kwanza.

Lakini ekografi haipendi hewa. Mapafu, tumbo la chakula na utumbo vina hewa, na ndani yake ekografi haioni vizuri. Kwa hiyo mtu mwenye vidonda vya tumbo au uvimbe ndani ya tumbo la chakula anaweza kupigwa ekografi, akaambiwa ni nzuri, na bado akawa mgonjwa. Mtu ambaye tonge linakwama kooni, au anashiba kwa vijiko viwili na kutapika, anahitaji kipimo kingine. Ni mpira mwembamba wenye kamera, unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, unaoitwa endoskopi. Unasumbua kwa dakika chache, lakini daktari anaona kwa macho yake na anaweza kuchukua kipande kidogo cha nyama.

Ya tatu ni skana. Ni eksirei inayokuzunguka ukiwa umelala, na kutoa picha vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Inaona kwa undani mapafu, kongosho, tezi za ndani ya tumbo, na uvimbe ambao ekografi iliuona nusunusu. Haiko vituo vya afya, iko hospitali kubwa. Mara nyingi unachomwa dawa ya rangi kwenye mshipa ili mishipa na viungo vionekane wazi. Ukichomwa unaweza kuhisi joto mwili mzima kwa muda mfupi. Usiogope, litapita.

Na kama skana imeonyesha uvimbe? Hapa tena, uvimbe hauna jina. Saratani inathibitishwa kwa kuchukua kipande cha nyama na kukiangalia kwa hadubini. Usikubali mtu yeyote wa mtaani akuambie "ni kansa" kwa kuangalia picha mlangoni, wala usikubali kuuziwa dawa kwa picha peke yake. Na ikithibitishwa kuwa saratani, safari haijaisha. Rwanda ina kituo cha matibabu ya saratani katika hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, kilichofunguliwa mwaka 2012. Saratani nyingine zinapona, hasa zikikamatwa mapema. Nyingine haziponi, lakini maumivu yanaweza kutulizwa na mgonjwa akaishi kwa heshima. Kujua mapema kunakupa nafasi ya kuchagua.

(Muziki mfupi.)

Watu hutuuliza: je, miale ya eksirei haidhuru? Ni swali zuri. Eksirei moja ya kifua ina miale kidogo sana, kama ile ambayo mwili wako hupokea kutoka ardhini na angani kwa siku 10 hivi ukiishi maisha ya kawaida. Skana ya tumbo ina miale mingi zaidi, kama ya miaka miwili au mitatu ya maisha ya kawaida. Ikiwa daktari ana sababu, faida inazidi hatari. Ikiwa hakuna sababu, unapokea miale bure na kulipa juu yake. Ndiyo maana tunasema usipige skana "ili kuangalia tu."

Kabla ya kupiga picha, sema mambo manne. La kwanza, kama una mimba au unadhani unayo, sema kabla ya eksirei au skana. La pili, kama una ugonjwa wa figo, kisukari, au dawa fulani iliwahi kukuvimbisha uso au kukubana pumzi, sema kabla ya dawa ya rangi. La tatu linawahusu wengi wetu tuliokimbia vita. Kama una risasi, kipande cha bomu au chuma chochote mwilini, sema. Kwa eksirei hakina shida, kitaonekana cheupe tu. Lakini kama umeandikiwa mashine ya sumaku, ile ya IRM, chuma kinaweza kusogea au kupata moto ndani ya mwili. Usifiche kwa sababu ya kuogopa kuulizwa ulikipata wapi. La nne, uliza kama unatakiwa kuja bila kula. Kwa ekografi ya tumbo mara nyingi unaambiwa ukae saa 6 hadi 8 bila chakula, na kwa picha ya kizazi unaweza kuambiwa unywe maji mengi. Aliyetoka mbali akiwa amekula anaweza kurudishwa, na nauli ikapotea.

Baada ya picha, usiondoke mikono mitupu. Omba karatasi ya majibu iliyoandikwa, pamoja na picha yenyewe kama inatolewa. Uliza maswali matatu: Mmeona nini? Bado hamjui nini? Nirudi lini? Weka karatasi zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki, na ukihama, ukirudi nyumbani au ukipelekwa nchi ya tatu, mfuko huo usafiri nawe. Daktari wa kule akiona picha ya zamani kando ya mpya, atajua kama doa limekua, limepungua, au liko vilevile. Picha ya zamani haipitwi na wakati.

Na je, vipimo vyote vikiwa vizuri? Hili huwatesa wengi. Mtu anaambiwa "hatujaona kitu," na anasikia "hatukuamini." Sivyo. Kwa watu wanaokonda bila sababu inayojulikana, takriban mmoja kati ya wanne hakuonekani chanzo hata baada ya uchunguzi mzuri. Na kwa wengi wa hao, habari ni njema kuliko wanavyodhani, kwa sababu magonjwa makubwa mara nyingi huacha alama katika vipimo vya mwanzo. Kinachotakiwa ni kurudi. Pima uzito kila mwezi, rudi kwa daktari baada ya miezi 3 hadi 6, na urudi mapema kama kilo zinaendelea kushuka au dalili mpya inatokea. Wakati huo, zungumza pia na mtu wa ushauri nasaha. Huenda tochi ilikuwa ikimulika mwilini, na mzigo uko moyoni.

Ziko dalili ambazo hazisubiri mizani wala mwezi ujao. Kukohoa damu. Kutapika damu au choo cheusi. Kushindwa kumeza hata maji. Macho kuwa ya manjano. Pumzi kubana. Kuchanganyikiwa. Ukiona mojawapo kwa mtu aliyekonda, nendeni kituo cha afya leo, hata kama ni usiku.

Msikilizaji, muda wetu unaisha. Tukumbushane machache. Mmoja akikonda peke yake katika sufuria moja, apimwe. Andika kilo na tarehe. Anzia kituo cha afya na upande ngazi kwa karatasi. Sema ukweli wote, kwa sababu maelezo yako ndiyo yanayoielekeza mashine. Picha inaonyesha mahali, na jina la ugonjwa hutoka kwenye makohozi, damu au kipande cha nyama. Na vipimo vikiwa vizuri, rudi tena.

Labda wewe uko salama. Lakini yuko mzee wa nyumba ya tatu ambaye hatoki tena kukaa na wenzake, na koti lake limekuwa kubwa. Yuko binti aliyeacha kwenda kisimani kwa sababu hana nguvu. Kesho mpitie. Usimwambie "umeisha." Mwambie, "Twende wote tukapime uzito, hata mimi sijapima siku nyingi." Watu wengi hukataa kupelekwa, lakini ni wachache wanaokataa kusindikizwa.

 

(Muziki wa kufunga.)

Maswali ya kujadiliana katika kikundi cha wasikilizaji

1. Hapa tunapoishi, mtu akikonda watu husema nini kwanza? Maneno hayo yanamsaidia au yanamzuia kwenda kituo cha afya?

2. Mizani iliyo karibu nasi iko wapi, na siku gani mtu mzima anaweza kupimwa bila kulipa?

3. Kwa nini mtu mwenye doa kwenye picha ya kifua bado anaombwa makohozi?

4. Nani kati yetu anaweza kumsindikiza mgonjwa asiyejua lugha ya hospitali, na tutalindaje siri yake?